RN7: Kuvuka Nyanda za Juu za Madagaska kwa Gari

Ukimwambia mtu unakwenda Madagaska, atakuuliza habari za fukwe. Msikilize, mshukuru, kisha fanya yako. Bahari unayo Kilwa, Pemba, Lamu na Malindi, na hutapata samaki wa kupaka mtamu kuliko wa huko. Usichokuwa nacho nyumbani ni nyanda za juu za kisiwa hicho, zenye miji ya matofali mekundu, mashamba ya mpunga yaliyochongwa ngazi kwa ngazi kwenye mabonde, na mafundi ambao kila mji una wa kwake. Vyote hivyo vimepangwa kandokando ya barabara moja.

Barabara yenyewe ni RN7, yaani Barabara ya Taifa namba 7. Inaanzia Antananarivo, mji mkuu ambao kila mtu anauita Tana, uliojengwa juu ya vilima karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na inateremka kusini-magharibi kwa zaidi ya kilomita 900 hadi Toliara, kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji. Ni lami mwanzo mwisho, ila ni lami yenye mashimo, makona, mikokoteni ya ng'ombe na watu wanaotembea ukingoni na mizigo kichwani. Kwa hiyo usipige hesabu kwa kilomita, piga kwa saa. Milimani gari likienda kilomita 40 kwa saa, dereva anajitahidi.

Tenga siku kumi. Kwa siku nane utafika, ila utakuwa umeiona nchi kupitia kioo cha dirisha. Yapo mabasi madogo yanayoondoka Tana mchana na kuingia Toliara kesho yake. Hayo waachie wenye misiba na wenye biashara. Na ukibanwa na siku, kata bahari, usikate miji: ishia Ranohira, hata Fianarantsoa, kisha rudi. Hutakuwa umepoteza kitu ambacho huwezi kukipata Bagamoyo.

Kabla hujaondoka

Nenda kati ya Mei na Oktoba. Januari hadi Machi ni miezi ya vimbunga, na hivyo si vya kuombea dua tu: Februari 2022 Batsirai na Emnati vilipiga pwani ya mashariki, kimoja baada ya kingine ndani ya mwezi huohuo, na athari zake zikafika hadi nyanda za juu. Lakini hiyo miezi mizuri ya safari ndiyo pia ya baridi, jambo linalowashangaza watu waliozoea kwamba kisiwa ni joto. Antsirabe iko mita 1,500 juu. Usiku wa Julai kipimo huweza kukaribia nyuzi sifuri, na nyumba nyingi za wageni hazina cha kupasha joto zaidi ya blanketi. Beba sweta nzito na soksi. Wiki moja baadaye, Toliara, utazichukia.

Ndege za moja kwa moja zipo kutoka Nairobi na Addis Ababa, na visa ya kitalii hutolewa hapohapo uwanja wa Ivato. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau, kwa kuwa anayetoka nchi zetu huulizwa. Malaria ipo, hasa ukishuka kutoka milimani, basi dawa zako beba kutoka nyumbani. Kichocho nacho kipo. Maji ya mabonde ya mpunga yatazame kwa macho tu.

Mwishoni mwa Septemba 2025 vijana waliingia mitaani Tana kulalamikia kukatika kwa maji na umeme, na katikati ya Oktoba jeshi likashika madaraka. Kwa msafiri maana yake ni kwamba afuatilie habari wiki moja kabla ya kuondoka, na kwamba tochi na pawabenki si anasa.

Fedha ni ariary. Noti kubwa kuliko zote ni ya 20,000, ambayo haifiki dola tano, kwa hiyo kulipia vyumba viwili na chakula cha usiku kunahitaji bunda. Mashine za kutolea fedha utazikuta Tana, Antsirabe, Fianarantsoa na Toliara. Ukishaipita Fianarantsoa usitegemee kadi, toa za kukufikisha mwisho wa safari. Kuna mtego mmoja wa bei. Faranga ya Madagaska iliondolewa mwaka 2005, na faranga tano zilikuwa ariary moja, lakini wazee wa vijijini na baadhi ya wachuuzi bado wanahesabu kwa faranga. Akikutajia bei iliyokushtua, usianze kugombana. Muulize kwanza anahesabu kwa fedha ipi. Huenda bei yenyewe ni moja ya tano.

Gari, na nani aliendeshe

Madagaska wanapita upande wa kulia wa barabara. Msomaji wa Goma, Kigali au Bujumbura hatapata taabu. Wa Kenya, Uganda na Tanzania ataipata kwenye kona ya kwanza. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ukodi gari pamoja na dereva, na ndivyo makampuni mengi ya huko yanavyofanya kazi. Gari la kawaida lililo imara linatosha kwa RN7. Gari la magurudumu manne ni la wale wanaotaka kuchepuka kwenda vijiji vya ndani.

Bei utakayotajiwa kwa siku mara nyingi haina mafuta. Pia dereva lazima arudi Tana, na siku zake za kurudi pamoja na mafuta yake ni juu yako. Hakuna dhuluma hapo, ndiyo desturi. Dhuluma ni kutoelezwa mapema. Hivyo yaandikeni: bei ya siku, siku za kurudi, mafuta, chakula na malazi ya dereva yamo au hayamo. Uliza lugha pia. Kimalagasi na Kifaransa ndizo lugha za njiani. Kiingereza utakikuta kwa waongozaji wa hifadhi na kwenye hoteli za watalii. Na gurudumu la akiba ulione kwa macho yako kabla hujatoa malipo ya awali.

Asiye na fedha za gari la kukodi apande taxi-brousse, mabasi madogo ya abiria ambayo mtu wa matatu au daladala atayaelewa bila kufundishwa. Nunua tiketi siku moja kabla, taka kiti cha mbele, hakikisha mzigo wako umefungwa juu ya paa mbele ya macho yako, na usiamini saa ya kuondoka mpaka gari lijae. Lipasue kwa vipande: Tana hadi Antsirabe, kisha Ambositra, kisha Fianarantsoa. Vipande hivyo magari ni mengi. Kusini zaidi mambo yanageuka, kwa sababu magari yanayopita Ambalavao na Ranohira yanatoka mbali na huwa yamekwisha kujaa; unaweza kukaa kando ya barabara siku nzima ukipungia mkono magari yasiyokuona. Fianarantsoa tafuta wenzako, mchange, mkodi gari la kuwashusha hadi Toliara.

Usiku usisafiri. Mikokoteni haina taa, malori mabovu hulala katikati ya njia, na kusini kuna dahalo, wezi wa ng'ombe wenye silaha. Hata madereva wa taxi-brousse hupita usiku kwa msafara. Panga kila siku uwe umefika kabla ya magharibi, na magharibi ya huko kipupwe huja mapema.

Kutoka Tana hadi Antsirabe

Tana yenyewe ipe siku moja: panda Rova, kasri la wafalme wa Wamerina lililoungua mwaka 1995, uutazame mji kutoka juu. Kisha ondoka kabla ya alfajiri. Foleni ya kutokea mjini ukiikuta imeamka, itakula nusu ya siku.

Hadi Antsirabe ni kama kilomita 170, saa nne au tano, na hapa ndipo dereva wako aambiwe asiwe na haraka. Kila kijiji kimechagua kitu kimoja cha kuuza barabarani. Behenjy ni maini ya bata. Mbele yake utakuta karoti na matofaa, halafu vikapu, halafu vigari vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vimepakwa rangi na kupangwa ukingoni kama foleni ya kweli. Ambatolampy ni sufuria. Hapo shuka, uombe kuingia kwenye karakana. Vyuma chakavu vya alumini vinayeyushwa, ukungu unatengenezwa kwa udongo na vumbi la mkaa, mafundi wanamimina wakiwa pekupeku, na baada ya dakika chache sufuria inatoka ikiwa nzima. Watalii wengi hupiga picha na kuondoka. Nunua japo mwiko. Mtu amekuachia kazi yake uitazame.

Ukipita baada ya mavuno utaona mabonde ya mpunga yamegeuka viwanda. Tope lile lile lililootesha mpunga linakatwa matofali, yanapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa makapi. Nyumba ndefu nyembamba za ghorofa moja unazoziona vilimani zimetoka humo bondeni.

Antsirabe, lala usiku mara mbili. Mji huu ulianzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1872, kisha Wafaransa wakaufanya mji wa kuoga maji ya moto ya ardhini. Mfalme Mohammed wa Tano wa Moroko aliletwa hapa uhamishoni mwaka 1954 na akarudi kwao mwishoni mwa 1955. Hoteli kubwa ya enzi hizo, Hôtel des Thermes, bado imesimama. Lakini mji wa leo ni wa pousse-pousse, rikshaw za kuvutwa na binadamu. Wapo watakaokuambia ni aibu kumpanda mwenzako. Mimi naona aibu kubwa zaidi ni kumnyima nauli kisha ukajisifu kwa huruma. Patana kabla hujakaa, usimbane bei hadi senti ya mwisho, na kwenye mlima shuka utembee. Asubuhi nenda kwenye karakana za pembe za ng'ombe, ambako pembe hupashwa moto, hunyooshwa na kusuguliwa mpaka ziwe vijiko na vichana. Mchana nenda ziwa Tritriva, lililojaa ndani ya shimo la volkano.

Kula njiani

Ukiona kibao kimeandikwa hotely, usitafute kitanda. Ni mkahawa, sawasawa na hoteli za chai za kwetu, na mara nyingi chakula chake ni kitamu na cha moto kuliko cha hoteli za watalii. Chakula ni wali, na wali huliwa asubuhi, mchana na usiku, kwa mlima ambao hata mla ubwabwa wa Mbeya atauheshimu. Kitoweo, laoka, ni kidogo pembeni. Akoho ni kuku, henan'omby ni nyama ya ng'ombe, trondro ni samaki, na mwenye sikio la Kiswahili hatahitaji kuyakariri mawili ya kwanza. La kukariri ni henakisoa, nyama ya nguruwe, hasa kama ni haramu kwako. Ravitoto ni kisamvu kilichotwangwa, utakifurahia ukikiona, ila kwa kawaida hupikwa na nguruwe. Uliza kabla ya kijiko, usiulize baada yake.

Pamoja na chakula utaletewa ranovola, maji yaliyochemshwa ndani ya sufuria iliyobaki na ukoko wa wali. Yana rangi ya chai hafifu na harufu ya kuungua kidogo. Kwa kuwa yamechemka, ni salama kuliko ya bomba. Asubuhi mapema, kabla gari halijawashwa, tafuta mwanamke mwenye jiko la mkaa na kikaango chenye vishimo. Anauza mofo gasy, vya unga wa mchele, ambavyo mtu yeyote wa mwambao angeviita vitumbua na kuendelea kula.

Na adabu ya mezani na njiani ni moja. Salimia kwanza: manao ahoana nyanda za juu, salama ukishuka pwani, na umwongezee mkubwa tompoko, neno la heshima. Ukipita mbele ya watu waliokaa, inama kidogo, nyoosha mkono wa kulia chini, sema azafady. Mtoto aliyelelewa vizuri Unguja au Mombasa anajua tayari mwili wake ukaeje.

Ambositra, Ranomafana, Fianarantsoa

Baada ya Antsirabe barabara inaanza kujipinda kweli. Kilomita 90 mbele ni Ambositra, mji wa wachonga mbao. Maduka ni mengi mno na mengi yanauza kitu kilekile, basi usinunue kwenye la kwanza. Chanzo cha ufundi ni Wazafimaniry, wanaoishi kwenye milima ya kusini-mashariki mwa mji, wanaojenga nyumba za mbao zilizounganishwa bila msumari na kuchonga milango na madirisha yake kwa mistari inayofuatana kama nyuzi za mkeka. Ufundi wao umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008. Aliyekulia chini ya milango ya Lamu au Mji Mkongwe atasimama mbele ya dirisha la Kizafimaniry muda mrefu kuliko alivyopanga. Kuvifikia vijiji vyao huanzia Antoetra, kwa njia mbovu na kisha kwa miguu. Ni siku mbili, na zinastahili kama miguu yako ni mizima. Ukinunua mchongo wa mpingo au mti mwingine wa thamani chukua risiti, kwani biashara ya kimataifa ya miti hiyo ya Madagaska inadhibitiwa tangu 2013.

Kabla ya Fianarantsoa, kushoto, inachepuka RN25 kushuka kwenye msitu wa mvua wa Ranomafana. Chepuka. Mwaka 1986 mtafiti Mmarekani Patricia Wright na wenzake walimkuta hapa lemuri wa dhahabu wa mianzi, mnyama ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Mwaka 1991 msitu ukawa hifadhi ya taifa. Lemuri ni jamaa wa mbali wa komba wetu, na huyu wa dhahabu hula machipukizi ya mianzi yenye sumu ya sayanidi ambayo ingemwua mnyama mwingine wa ukubwa wake. Kuongozwa ni lazima. Waambie uko tayari kuamka mapema, vaa suruali ya kuchomeka ndani ya soksi kwa sababu ya ruba, na usilalamikie mvua, maana ndiyo iliyouleta msitu.

Fianarantsoa iko kama kilomita 400 kutoka Tana na ndiyo katikati ya safari kwa kila maana. Ilianzishwa mwaka 1830, enzi za Malkia Ranavalona wa Kwanza, iwe makao ya utawala wa Wamerina juu ya nchi ya Wabetsileo. Mji wa chini ni vurugu za soko na vituo vya mabasi, uache. Panda mji mkongwe ulioko kilimani, wenye vichochoro vya mawe na nyumba za matofali zenye baraza za mbao. Panda alasiri, kaa ukutani, angalia mabonde ya mpunga yanavyobadilika rangi jua likizama. Watoto watakuuzia kadi za picha kwa Kifaransa kizuri kuliko chako.

Hapa pia ndipo inapoanzia reli ya kwenda Manakara, pwani ya mashariki: kilomita 163 zilizojengwa kati ya 1926 na 1936, kupitia mahandaki na madaraja kwenye mteremko ambao hauna barabara ya maana. Ni safari nzuri treni inapokuwepo. Vimbunga vya 2022 viliiumiza vibaya, na hata kabla ya hapo ratiba yake ilikuwa ya kubahatisha. Uliza stesheni, na usiipange kwenye siku ambazo huna akiba. Shamba la chai la Sahambavy utashauriwa ulitembelee. Anayetoka Kericho au Mufindi aliruke bila majuto.

Ambalavao

Mji huu mdogo, kilomita 55 tu mbele, upangie ratiba yako yote. Jumatano na Alhamisi kuna mnada wa ng'ombe, miongoni mwa mikubwa kabisa nchini, na wachungaji huwa wametembea siku nyingi kutoka kusini wakiwa na mikuki, blanketi na kofia. Ng'ombe wenyewe ni wa nundu, wenye pembe pana, na bei inasemwa polepole, huku watu wakitazama pembeni. Ukiwa na jamaa Mmasai au Msukuma, huu ndio mji ambao angeuelewa haraka kuliko wewe. Fika asubuhi, omba ruhusa kabla ya picha, na usisimame nyuma ya kundi.

Kisha nenda kwenye karakana ya karatasi ya Antaimoro. Waantaimoro ni watu wa pwani ya kusini-mashariki walioandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za wamisionari, kama mababu wa mwambao wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi hizohizo. Vitabu vyao vinaitwa sorabe, na viliandikwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa gome la mti uitwao avoha. Ambalavao wanaitengeneza hadi leo: gome linachemshwa, linapondwa kwa nyundo za mbao, linatandazwa juu ya kitambaa majini, na kabla halijakauka wanawake wanalipamba kwa maua mabichi. Siku hizi ni ya kadi na vivuli vya taa, si ya vitabu vya waganga na falaki.  Nunua karatasi tupu isiyo na maua. Ndiyo nzuri, na ndiyo ya bei nafuu.

Kilomita 12 kusini mwa mji kuna Anja, hifadhi ndogo inayomilikiwa na kuendeshwa na wanakijiji wenyewe, waliotunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Lemuri wenye mikia ya pete wanaruka juu ya mawe makubwa hatua chache kutoka ulipo. Saa mbili zinatosha, na kiingilio kinabaki kijijini.

Kusini

Baada ya Anja nyumba zinapungua, milima ya mawe inabaki nyuma na njia inanyooka. Ihosy ni mji wa Wabara, wafugaji. Jaza mafuta, kunywa kahawa, endelea. Mbele ni uwanda wa Horombe, nyasi na upepo, na kwa saa nzima huenda usione zaidi ya mchungaji mmoja. Wengine hulala usingizi hapa. Mimi napapenda, lakini sitakulazimisha.

Ranohira ndilo lango la hifadhi ya Isalo, iliyotangazwa mwaka 1962. Ni milima ya mawe ya mchanga iliyokatwa na mito kuwa makorongo, na ndani ya makorongo kuna mabwawa ya maji safi ya kuogelea na mitende. Lala hapa usiku mara mbili. Lipia kiingilio ofisi ya hifadhi mjini, chukua mwongozaji, na mwanze kutembea jua likichomoza, kwa sababu saa tano mawe yanakuwa kama kaango. Maji lita tatu kwa mtu, na kofia.

Halafu Ilakaka. Hadi 1998 palikuwa na vibanda vichache. Mwaka huo yakathibitika mawe ya yakuti, na mji ukalipuka. Wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka walioingia hapa wengi walikuwa wametoka kununua mawe ya namna hiyohiyo Tunduru, kusini mwa Tanzania, na habari za Ilakaka zilipofika huko soko la Tunduru likapungukiwa na watu. Tazama mashimo ukitaka, kwa mwongozaji na mchana. Usinunue jiwe: kama hujui kulitambua Tunduru, hutalitambua hapa, na kulitoa nchini kunataka vibali. Usilale.

Kutoka hapo hadi Toliara utapita Sakaraha, na baadaye makaburi ya Wamahafaly yaliyopakwa rangi na kupambwa kwa pembe. Yako kando kabisa ya barabara, na hapa uwe mwangalifu na fady, miiko. Kaburi halielekezewi kidole kilichonyooka. Ukilazimika kuonyesha, kunja kidole. Usipite uzio, usipige picha bila dereva kuuliza. Nyanda za juu nazo, Julai hadi Septemba, familia hufungua makaburi na kuwavika wafu sanda mpya kwa ngoma na tarumbeta, sherehe iitwayo famadihana. Ukialikwa nenda, na upeleke bahasha ya mchango kama ungefanya kwenye shughuli yoyote ya kwenu. Usipoalikwa usijipeleke.

Toliara ni joto, vumbi, miguu peku na muziki wa tsapiky unaotoka kwenye spika kubwa kuliko chumba. Jioni nyama za vijiti zinachomwa kila pembe ya mji. Wanaziita masikita, na mla mishkaki wa Forodhani hatauliza ni nini. Ukitaka bahari baada ya yote haya, Ifaty iko kaskazini na Anakao inafikiwa kwa boti, na wavuvi wa Kivezo watakupandisha ngalawa zao zenye mrengu upande mmoja. Kama una asubuhi moja tu, iache bahari uende Arboretum ya Antsokay, nje kidogo ya mji, uone mimea ya miiba ya kusini ambayo mingi haioti penginepo duniani.

Tiketi ya ndege ya kurudi Tana inunue mapema, na usiiunganishe siku hiyohiyo na ndege ya kurudi nyumbani, kwa maana ratiba za ndani hubadilika bila kukuuliza. Dereva atarudi na gari tupu, siku mbili za barabara ileile. Mpe bahasha yake mkononi, wewe mwenyewe, kabla hajawasha gari, na usimwachie mtu wa mapokezi ampelekee.